Kabla ya kuuza miti: mambo ya kujua kuhusu betri ya ubongo kwa mtoto mwenye distonia

Mtoto wa miaka tisa anaanza kukanyagia upande wa nje wa mguu wa kulia. Mama anadhani ni kiatu, anamnunulia kingine mnadani. Miezi miwili baadaye kisigino hakigusi chini, na mtoto akitembea kwenda shule mguu unajipinda kwa ndani kana kwamba kuna mtu anauvuta. Mwaka haujaisha, mkono nao umeanza. Mwandiko unaharibika, kalamu inamponyoka. Lakini usiku akishalala, viungo vyote vinalegea na anaonekana kama watoto wenzake.

Mambo ya namna hii yanaweza kuanzia katika nyumba yoyote, iwe Makambako jirani na stesheni ya Tazara au juu kule Njombe kwenye mashamba ya chai na viazi. Chukulia familia hii ni ya Makambako. Bibi anasema mtoto amechezewa. Jirani anasema ni kifafa. Mwalimu anahisi mtoto anajitia ili asiandike. Kisha baba mdogo aliyeko Dar es Salaam anatuma video kwenye kundi la ukoo la WhatsApp. Ni mtoto wa nchi nyingine, aliyekuwa amejikunja sakafuni kama kamba. Anafanyiwa upasuaji wa ubongo, anawekewa betri kifuani, na miezi kadhaa baadaye anatembea mwenyewe.

"Shemeji, dawa ndiyo hii," baba mdogo anapiga simu jioni ile ile. "Tuuze ile miti ya Njombe, mtoto apelekwe India."

"Miti bado michanga, shemeji," mama anajibu. "Tukiuza sasa tunaigawa bure."

"Sasa kipi bora, miti au mtoto?"

Swali kama hilo halina mzazi anayeweza kulijibu vibaya. Mkoani Njombe shamba la miti ya mbao ndiyo benki ya familia nyingi. Ndiyo ada ya sekondari, ndiyo bati la nyumba, ndiyo akiba ya uzeeni. Hata hivyo swali la baba mdogo limeruka hatua. Kabla ya kuchagua kati ya miti na mtoto, familia inapaswa kujua kama mtoto wao ni wa aina ambayo betri ile inaisaidia. Kuna watoto ambao kifaa hicho hubadilisha maisha yao kabisa. Kuna wengine hupata nafuu kidogo tu. Na kuna wengine ambao wangepona kwa kidonge, bila kufunguliwa fuvu.

Distonia ni nini

Distonia ni hali ambayo misuli hukaza yenyewe bila mtu kupenda na kuvipinda viungo: mguu, mkono, shingo, mgongo, hata mdomo. Tatizo haliko kwenye misuli wala mifupa. Liko ndani kabisa ya ubongo, kwenye vituo vinavyopanga mwendo. Kwa mtu mwenye afya vituo hivyo huamua misuli ipi ikaze na ipi ilegee. Kwenye distonia amri huchanganyika, na misuli inayopaswa kupokezana hukaza kwa pamoja.

Dalili huzidi mtoto anapotaka kufanya jambo, anapochoka, anapoogopa au anapotazamwa na watu. Kwa kawaida hupungua sana au kutoweka akiwa usingizini. Ndiyo maana wengi hudhani anaigiza. Haigizi. Na tofauti na kifafa kinachomwangusha mtu na kumpotezea fahamu, mtoto mwenye distonia anajua kila kinachoendelea, anasikia kila kinachosemwa juu yake, na mara nyingi akili yake ni nzima kabisa.

Chanzo si kimoja, na hapo ndipo penye kiini cha suala lote.

Kuna distonia inayotokana na jeni. Iliyo maarufu zaidi huitwa DYT1, ambayo mara nyingi huanza utotoni kwenye mguu au mkono na kusambaa mwilini. Si kila aliyerithi jeni hiyo huugua. Hukadiriwa kuwa ni watu 30 hivi kati ya 100. Kwa hiyo mtoto anaweza kuugua ilhali baba na mama ni wazima, na hakuna wa kulaumiwa.

Kuna inayofuata jeraha la ubongo: mtoto ambaye hakulia alipozaliwa kwa kukosa hewa, aliyepata manjano makali siku za mwanzo bila kutibiwa kwa mwanga, au aliyeugua homa ya uti wa mgongo. Wengi wa hawa hufahamika kama watoto wenye mtindio wa ubongo.

Kuna inayoletwa na dawa, kwa mfano baadhi ya dawa za kuzuia kutapika kama metoklopramidi, au dawa za magonjwa ya akili. Hiyo huja ghafla, ndani ya saa au siku chache, na hutibika. Kuna pia ugonjwa wa Wilson, ambao madini ya shaba hujikusanya mwilini. Nao una dawa zake, na ukichelewa kutambuliwa huharibu ini na ubongo.

Watoto wanne wanaweza kuwa na mguu uliopinda kwa namna ile ile, na kila mmoja akahitaji tiba tofauti.

Kidonge kwanza, kisu baadaye

Katika miaka ya 1970 daktari wa Japani, Masaya Segawa, alieleza aina ya distonia ya watoto yenye tabia ya pekee: asubuhi mtoto anatembea vizuri, jioni hawezi. Akilala na kuamka, nafuu inarudi. Watoto hao hukosa kiasi cha kutosha cha dopamini, kemikali ambayo ubongo huitumia kupeleka amri za mwendo. Wakipewa dozi ndogo ya levodopa, dawa ile ile wanayopewa wazee wenye ugonjwa wa Parkinson, wengi wao hubadilika ndani ya siku au wiki chache. Aliyekuwa anabebwa huenda shule kwa miguu. Na wengi hubaki na dozi ndogo kwa miaka mingi bila matatizo makubwa.

Sehemu mbalimbali duniani wamepatikana watu wa aina hii walioishi miaka mingi wakiitwa wenye mtindio wa ubongo, wakaja kusimama kwa vidonge. Kwa sababu hiyo, madaktari wa mishipa ya fahamu hupendelea kumjaribishia levodopa karibu kila mtoto ambaye distonia yake haina chanzo kinachoeleweka, kabla ya kufikiria upasuaji. Haina maana mzazi aende duka la dawa akanunue. Dozi ya mtoto hupimwa kwa uzito na hupandishwa polepole chini ya macho ya daktari.

Tanzania ina somo lake kuhusu dawa hiyo. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti walipita nyumba kwa nyumba kutafuta wagonjwa wa Parkinson, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Walipata wagonjwa 33, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa jina la ugonjwa wao. Wale ni watu wazima, lakini funzo linawahusu watoto pia: ugonjwa wa mwendo unaweza kukaa ndani ya nyumba miaka mingi ukiitwa uzee, uchawi au uvivu, wakati dawa ipo.

Levodopa ikishindwa, bado kuna hatua nyingine. Ipo dawa inayojulikana kwenye kliniki za afya ya akili kama Artane au benzheksoli, ambayo kwa watoto wenye distonia huanza na kiasi kidogo sana na kupandishwa kwa wiki kadhaa. Ipo baklofeni ya kulegeza misuli. Ipo sindano ya sumu ya botulini, iliyopunguzwa makali, inayochomwa kwenye msuli uliokaza na kuulegeza kwa takribani miezi mitatu. Na yapo mazoezi ya viungo, viti vya kumshikilia mtoto vizuri na vifaa vya kunyoosha mguu. Kwa baadhi ya watoto haya yanatosha. Kwa wengine hayatoshi, nao ndio ambao mazungumzo ya betri huwahusu.

Kifaa kinavyofanya kazi

Upasuaji huo hujulikana kwa kifupi kama DBS. Kwa msaada wa picha za MRI, daktari hutoboa matundu mawili madogo kwenye fuvu na kupitisha nyaya nyembamba, moja kila upande, hadi kwenye kituo kimoja cha mwendo kilicho ndani ya ubongo. Nyaya hizo hupitishwa chini ya ngozi, nyuma ya sikio na shingoni, mpaka kwenye betri yenye saketi ndani yake. Betri huwekwa chini ya ngozi ya kifua. Kwa mtoto mdogo au mwembamba huweza kuwekwa tumboni. Kutoka hapo umeme mdogo hutumwa mchana na usiku kuvuruga zile amri zilizochanganyika. Mtoto huwa amelazwa usingizi wa nusukaputi.

Kifaa hakiponyi ugonjwa. Kikizimwa, distonia hurudi. Na tofauti na mzee wa Parkinson ambaye mtetemeko unaweza kutulia papo hapo, kwenye distonia nafuu huja polepole, kwa wiki na miezi, huku daktari akirekebisha nguvu ya umeme kwa kifaa cha nje. Video ya dakika mbili kwenye simu haionyeshi safari hizo za kurudi kliniki tena na tena.

Historia yake si ndefu. Madaktari wa Grenoble, Ufaransa, walianza kutumia njia hii kwa mtetemeko mwaka 1987. Katika miaka ya 1990 timu ya Philippe Coubes mjini Montpellier, nchini humo humo, ilianza kuitumia kwa watoto wenye distonia kali. Mwaka 2003 mamlaka ya dawa ya Marekani iliruhusu kifaa hicho kwa distonia sugu kuanzia umri wa miaka saba.

Nani hufaidika zaidi

Mwaka 2000 timu ya Montpellier ilichapisha katika jarida la Lancet habari za wagonjwa saba wenye DYT1, wengi wao watoto. Baada ya mwaka mmoja alama za ugonjwa wao zilikuwa zimeshuka kwa wastani wa karibu asilimia 90. Video nyingi zinazosambaa zinawahusu watoto wa aina hii, nazo si uongo. Kwa mtoto mwenye DYT1 ambaye dawa zimeshindwa na mwili haujapinda moja kwa moja, DBS ni moja ya tiba zenye matokeo makubwa kabisa.

Kwa distonia iliyotokana na jeraha la ubongo, hesabu hubadilika. Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa mwaka 2009 uliwafuatilia watu wazima 13 wenye aina hiyo tangu utotoni, na wastani wa nafuu baada ya mwaka ulikuwa asilimia 24 hivi. Mapitio ya mwaka 2013, yaliyokusanya habari za watu 68 wenye mtindio wa ubongo, yalifika pale pale, karibu robo. Wengine walinufaika sana, wengine hawakuona tofauti.

Uchambuzi mwingine wa mwaka 2019 ulikusanya ripoti za watoto 321 wenye distonia za vyanzo mbalimbali. Asilimia 86 walionyesha nafuu ya kiwango fulani. Waliopata nafuu ya zaidi ya asilimia 20, ambayo watafiti waliihesabu kuwa ya maana, walikuwa asilimia 66. Kwa lugha ya sokoni, kati ya watoto watatu, wawili walipata kitu cha kuonekana na mmoja hakupata. Na mzazi akumbuke kwamba hospitali huwa na haraka zaidi ya kuandika mafanikio kuliko kuandika yaliyoshindikana.

Je, robo ni kidogo? Inategemea familia inatafuta nini. Mama anayetaka mtoto acheze mpira atavunjika moyo. Mama ambaye mtoto wake halali kwa maumivu, anayehitaji watu wawili kumvalisha shati, anaweza kuiona robo ile kuwa neema: mtoto akalala, akakaa kwenye kiti, mkono ukanyooka kiasi cha kupitisha kwenye mkono wa shati. Ndiyo maana vituo vizuri humwuliza mzazi, na mtoto mwenyewe, wanataka kubadilisha mambo gani mawili au matatu katika maisha ya kila siku. Jibu huandikwa, kisha huulizwa kama kifaa kinaweza kuyafikia.

Jambo la mwisho hapa ni muda. Watoto waliokaa na distonia sehemu ndogo ya maisha yao kwa kawaida hunufaika kuliko waliokaa nayo miaka mingi. Kiungo kilichokwishaganda au mgongo uliokwishapinda moja kwa moja haunyooshwi na umeme. Kwa hiyo kukurupuka kuna hasara yake, na kukaa miaka mitano ukihama kwa waganga kuna hasara pia.

Hatari zake

Hatari ya kwanza ambayo kila mtu huiogopa ni damu kuvuja ndani ya ubongo wakati wa upasuaji. Hukadiriwa kumpata mmoja hadi wawili kati ya wagonjwa 100, na inaweza kuacha kupooza au kusababisha kifo. Ni nadra, lakini ipo, na mzazi ana haki ya kuisikia ikitajwa waziwazi kabla ya kutia saini.

Hatari inayowapata watoto mara nyingi zaidi ni maambukizi kwenye kidonda, hasa pale ilipo betri. Ngozi ya mtoto ni nyembamba, na wengi wao wamekonda kwa sababu misuli inafanya kazi mchana kutwa. Vituo vikubwa vimekuwa vikitaja kiwango kinachokaribia mtoto mmoja kati ya kumi. Mara nyingine antibiotiki hazitoshi, kifaa kizima hutolewa, na familia hurudi ilikoanzia.

Hatari ya tatu ni ya chombo chenyewe. Waya unaweza kukatika au kusogea, hasa kwa mtoto ambaye shingo yake hujinyonga kwa nguvu. Mtoto pia anakua; waya uliotosha akiwa na miaka tisa unaweza kuvuta akiwa na miaka kumi na minne, ingawa madaktari huacha akiba ya waya chini ya ngozi kwa ajili hiyo. Nguvu ya umeme ikizidi, maneno yanaweza kuwa mazito au mwendo kuwa wa polepole. Haya ya mwisho mara nyingi hurekebishwa bila kisu.

Upasuaji ni siku moja, betri ni maisha

Betri isiyochajiwa, kwa umeme mkubwa unaohitajika kwenye distonia, hudumu takribani miaka miwili hadi mitano. Hebu mzazi apige hesabu. Mtoto aliyewekewa akiwa na miaka 9, kwa betri ya miaka mitatu, mpaka afikishe miaka 30 atakuwa amebadilishiwa betri mara saba. Kila mara ni upasuaji mdogo, kila mara ni fedha, na kila mara mlango wa maambukizi hufunguka tena. Kifaa kamili peke yake hugharimu makumi ya mamilioni ya shilingi, bila nauli, malazi na kitanda cha hospitali. Mashamba ya miti ya kuuza mara saba ni ya nani?

Ipo betri ya kuchajiwa juu ya ngozi, inayoweza kudumu miaka tisa na kuendelea. Hiyo hupunguza upasuaji, lakini inadai nidhamu na umeme wa uhakika nyumbani. Familia inayoishi kijiji ambacho umeme hukatika kwa siku kadhaa msimu wa mvua inabidi imweleze daktari hilo mapema, si baada ya kurudi.

Betri ikizimika ghafla, distonia inaweza kurudi kwa kishindo. Misuli hukaza mfululizo kwa saa au siku, homa hupanda, misuli huanza kuvunjika na figo huweza kushindwa. Hiyo ni dharura ya kufa na kupona. Inaweza kumpata hata mtoto asiye na kifaa, na baadhi ya watoto wameokolewa na DBS wakiwa katika hali hiyo. Kwa hiyo kabla ya kupanda ndege familia inapaswa kujua: siku betri ikizimika, ni daktari gani wa karibu mwenye chombo cha kuipima, na ni umbali gani kutoka Makambako?

Kuna na tahadhari za kila siku. Mashine ya joto la umeme inayotumika kwenye baadhi ya vyumba vya mazoezi ya viungo, iitwayo dayathemi, ni marufuku kabisa kwa mtu mwenye kifaa hiki. Huweza kuunguza ubongo penye ncha ya waya na kuua. Picha ya MRI haipigwi mpaka aina ya kifaa ithibitishwe. Mtoto hutembea na kadi yake, na mwalimu, muuguzi wa zahanati na mtaalamu wa mazoezi wote huambiwa.

Njia ya kuanzia nyumbani

Familia ya Makambako haianzii India. Inaanzia kituo cha afya au Hospitali ya Mji Makambako, inapata barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Njombe, umbali wa kilomita 60 hivi, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Wengine wa mkoa huu hupitia Ilembula au Ikonda kule Makete. Anayehitaji bingwa wa mishipa ya fahamu ya watoto huelekezwa Muhimbili, na mambo ya upasuaji wa ubongo huangaliwa na taasisi ya MOI palepale jijini. CCBRT, pia Dar es Salaam, ina uzoefu wa watoto wenye ulemavu, mazoezi na vifaa vya kukalia. Mzazi asiye na uwezo amwone afisa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kukata tamaa.

Chombo cha kwanza cha uchunguzi mzazi anacho mkononi tayari. Simu. Amrekodi mtoto akitembea asubuhi na akitembea jioni, akiandika, akila, na akiwa amelala. Video fupi tano za namna hiyo humsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa, hasa kwa mtoto ambaye siku ya kliniki hujikaza na kuonekana mzima. Aandike pia kama mtoto alilia alipozaliwa, kama alipata manjano, dawa alizowahi kutumia, na kama kuna ndugu mwenye mguu au shingo ya namna hiyo.

Akifika kwa bingwa, maswali haya yasimtoke kichwani:

- Chanzo cha distonia ya mtoto huyu ni nini, na tumekitafuta vipi?
- Amejaribiwa levodopa kwa dozi na muda wa kutosha?
- Ugonjwa wa Wilson umepimwa?
- Kwa chanzo chake, nafuu ya kutegemea ni kiasi gani, na katika mambo gani?
- Viungo na mgongo bado vinanyooka?
- Nani atarekebisha umeme wa kifaa tukirudi nyumbani, na betri itabadilishwa wapi, kwa fedha gani?
- Tukisubiri mwaka mmoja, mtoto atapoteza nini?

Daktari anayekasirikia maswali hayo amejibu moja kati yake tayari.

Familia ya Makambako

Turudi kwa wale wa mwanzo. Mama amepanda basi la Mbeya na mtoto, akiwa na video tano kwenye simu. Bingwa ameitazama ile ya asubuhi na ile ya jioni mara mbili, akauliza habari za kuzaliwa, akaagiza vipimo, akaandika levodopa.

"Mama, hii tunaijaribu kwa wiki kadhaa," amemwambia. "Ikikubali, tutashukuru. Isipokubali, tutakuwa tumejua jambo."

Haikukubali. Mama alilia siku ile ndani ya basi la kurudi. Lakini dawa ya pili, iliyopandishwa taratibu, imeutuliza mkono. Mtoto anaandika tena, kwa herufi kubwa kubwa, na mwalimu ameacha kumwita mvivu. Mguu bado. Bingwa amemwandikia rufaa ya Muhimbili kwa uchunguzi zaidi, pamoja na jeni, na amemwambia wazi kwamba mtoto wake anaweza kuwa wa wale ambao betri huwafaa, wasichelewe.

Jioni kundi la ukoo limeamka. "Sasa shemeji, tunauza au hatuuzi?" baba mdogo anauliza.

"Hatuuzi shamba," mama anaandika. "Tunapunguza."

Wenye miti wanajua maana yake. Shamba la misindano likifika umri fulani hupunguzwa. Ile myembamba hukatwa na kuuzwa mirunda, na inayobaki hupata nafasi ya kunenepa. Mirunda itatosha nauli ya Dar es Salaam, chakula na malazi ya wiki mbili, na vipimo. Miti mikubwa itabaki imesimama mpaka siku daktari atakaposema jina la ugonjwa. Siku hiyo kama jibu ni betri, itakuwepo ya kuuza, tena kwa bei yake.

Bibi, ambaye alisema mtoto amechezewa, amesikiliza yote kimya. Mwisho amemvuta mjukuu karibu, akaushika mguu uliopinda.

"Kumbe unaumwa, mwanangu," amesema. "Na sisi tulikuwa tunakugombeza."